Dirisha la Upande wa Wanawake

Aalborg, 6 Oktoba 1985

Dada yangu Bolette,

Barua yako ya Agosti imenifikia jana, imekunjamana na bado ina harufu ya kwenu, ya dizeli na samaki wa kukausha. Niliinusa kwanza ndipo nikaisoma. Mimi mzima, isipokuwa mguu wa kushoto unaolalamika nikipanda ngazi. Paka mzima pia, na ananenepa. Mpe pole baba yako Jens-Pele kwa nyonga yake, na umwambie kwamba mjomba wake anamcheka, maana enzi zake alikuwa akiruka kutoka kipande cha barafu hadi kingine kama mwenye mabawa.

Jirani yangu Bibi Vestergaard alikuwepo nilipoanza kukujibu. Ana tabia ya kuchungulia. Akaona nimeandika "dada yangu", akauliza dada huyo ana umri gani. Nikamwambia thelathini. Akanitazama usoni, mimi mwenye miaka sabini na mitatu, halafu akaangalia kwenye meza kama dawa zangu nimezimeza. Ikabidi nimweleze: dada yangu Bolette, aliyemzaa baba yako, alifariki majira ya baridi ya 1955, wewe ukazaliwa majira ya kuchipua, ukapewa jina lake, na kwetu anayepewa jina hapewi neno tupu, aliyekufa hurudi ndani yake. Ndiyo maana baba yako anamwita binti yake wa kumzaa "mama", na mimi nakuita dada. "Na yeye anakuitaje?" akauliza. Mdogo wangu, nikasema. "Na unamtii?" Nikamwambia inategemea ameamrisha nini.

Sasa, historia ya kanisa. Umefanya vizuri kukubali kuiandika kwa ajili ya siku ya kufunguliwa upya baada ya ukarabati, maana wengine wangeandika mambo ya wachungaji tu. Anza na magogo. Yalikuja na meli yakiwa yamekwisha kukatwa na kuwekwa alama, tayari kwa kusimamishwa, na walioyalipia ni wavuvi wa Naajarsuk wenyewe, kwa mapipa ya mafuta ya nyangumi. Liandike hilo juu kabisa. Huku watu hudhani tulipewa. Magogo yakalala ufukweni mwaka mzima kwa sababu katekista alitaka kanisa liwe juu ya mwamba na mfanyabiashara alitaka liwe karibu na ghala lake. Mbwa wakalea watoto wao chini ya magogo hayo. Katekista alishinda, na upepo wa kwanza wa majira ya baridi ukalisogeza kanisa kutoka kwenye msingi, ndipo wakalifunga kwa minyororo kwenye mwamba. Minyororo hiyo ingalipo hadi leo, nadhani. Mwanzoni lilipakwa lami, likawa jeusi. Wekundu ulikuja baadaye sana, na bibi yangu hakuuzoea. Alisema linafanana na duka.

Wanaume walikaa upande wa bahari ili wamtazame mchungaji kwa jicho moja na maji kwa jicho la pili. Wanawake walikaa upande wa mlima.

Kuhusu swali lako la mwisho, lile la dirisha dogo la upande wa wanawake: sina la kuongeza juu ya wanayosema wengine. Lilikuwepo tangu mwanzo.

Wasalimie wote wanaonikumbuka.

Mdogo wako,
Eugenius


Naajarsuk, 19 Novemba 1985

Mdogo wangu Eugenius,

Barua yako ilikaa uwanjani na helikopta siku nyingi kwa sababu ya ukungu, kisha ikaletwa pamoja na betri na magazeti ya mwezi uliopita. Huku sote tuko hai. Nyonga ya baba inamsumbua, lakini mdomo wake hauna maumivu. Kiwandani kamba ni wengi mwaka huu, na mikono yangu inanuka hata nikiwa na glavu. Barafu ya ghuba imeanza kushika, watoto wameshakatazwa kuikanyaga, na wameshaikanyaga.

Nilipomsomea baba ulivyoandika kuhusu magogo na mbwa alifurahi mpaka akakohoa. Kisha nikafika kwenye dirisha, akaomba kahawa.

Nataka nikueleze vizuri, maana naona hukuelewa, au ulielewa. Msanifu aliyeletwa kutoka kwenu, Bwana Thorkild Vinding, ni mtu mpole, anayeshika mbao za kanisa kama anayempima mgonjwa. Anataka kulirudisha kanisa lilivyokuwa. Ana picha iliyopigwa mwaka 1907, na ukutani upande wa wanawake hakuna dirisha dogo. Anasema liko chini mno, aliyekaa hawezi kutazama nje, limepinda, linapitisha baridi, na fundi yeyote wa kanisa angeona aibu kulikata. Meli ya kwanza ikileta mbao mwezi wa Mei, ataliziba.

Nimewauliza wazee wote. Kila mmoja ananijibu maneno yale yale, kama waliyafanyia mazoezi kwenye kwaya: lilikuwepo tangu mwanzo. Nilimwendea mzee Gerth, mpiga kengele. Nikamwambia picha hii ya 1907 haina dirisha. Akaitazama kwa muda, akasema, "Basi siku hiyo lilikuwa limekwenda kuvua."

Mimi hukaa pale, unajua. Ndicho kiti changu tangu zamani, kabla hata sijazaliwa mara hii. Kila majira ya baridi goti langu la kulia huganda kwa sababu ya dirisha hilo, na bado sitaki lizibwe. Vinding ameniuliza sababu, sikuwa nayo. Nikimpa sababu ya kweli, amesema, atalifikiria upya. Naitaka kwako.

Tena: siku ya kufungua ni Juni. Hujawahi kurudi hata mara moja. Utakuja lini?

Dada yako,
Bolette


Aalborg, 12 Januari 1986

Dada yangu,

Krismasi yangu ilikuwa ya kimya, yenye nyama nyingi kuliko uwezo wangu. Bibi Vestergaard aliniletea keki, akakaa hadi nikaisifu. Asante kwa samaki waliokaushwa. Nilikula wawili nikiwa nimesimama jikoni, na paka akaniheshimu kwa mara ya kwanza.

Ongeza hili kwenye historia yako. Kabla ya jiko jipya, kanisa lilikuwa na baridi kiasi kwamba pumzi zetu ziliganda darini Jumapili hata Jumapili. Siku za sikukuu, likiwashwa jiko kubwa na watu wakijaa, dari ilianza kuyeyuka, na kufikia katikati ya mahubiri mvua ilikuwa inatunyeshea ndani ya nyumba ya Mungu. Tuliiita mvua ya mchungaji. Mchungaji wetu wa wakati huo, Karl Heilmann, mtu wa kwetu kabisa, aliitumia kama saa: tone la kwanza likianguka juu ya Biblia yake, alijua amesema ya kutosha. Akaja mwingine, mgeni, akashikilia mwavuli mimbarini na kuendelea.

Kuja kwangu ni jambo gumu. Nani atamlisha paka? Na safari za ndege zimekuwa na makelele mengi siku hizi.

Kuhusu lile jingine, la dirisha. Nilidhani nikikaa kimya ungechoka, lakini wewe hukuwahi kuchoka, hata katika maisha yako yale ya kwanza. Basi sikia: najua ni nani aliyelikata na kwa nini. Wazee wa huko wanajua pia, ila wao wanajua nusu. Mimi niliahidi. Siku niliyopanda meli mwaka 1938, dada yangu alinishika ukosi pale gatini akasema, "Usimwambie mtu yeyote mpaka mimi nikuambie." Hakuwahi kuniambia. Barua zake zilikuwa za hali ya hewa na za watoto, na majira ya baridi yale ya 1955 zikakoma. Aliyenifunga mdomo ndiye peke yake awezaye kuufungua, naye amelala kule nyuma ya kanisa chini ya msalaba mweupe. Samahani. Dirisha likizibwa, nitasikitika kuliko yeyote, na bado nitakuwa nimetimiza neno langu.

Mdogo wako,
Eugenius


Naajarsuk, 2 Machi 1986

Mdogo wangu,

Nimelala wapi? Juzi nilikuwa kiwandani, jana nilifua, na leo nimemkaripia baba yangu, mpwa wako, kwa kutoka nje bila kofia. Hakuna aliyeniambia kwamba nimelala.

Nitakueleza ilivyotokea, maana akili hii haikutoka kwangu. Nilimsomea baba barua yako jikoni. Alisikiliza hadi mwisho huku akikuna mguu. Nikasema, basi imekwisha, bibi alikufa na neno lake. Baba akaniangalia kama mtoto mpumbavu, akasema, "Si umuombe mama."

"Mama yupi?" nikauliza.

"Nina wangapi? Nakuita nini kila siku? Unafikiri natania?"

Nilikaa kwenye kiti. Unajua, mimi ninalibeba jina hili tangu nilipozaliwa. Wazee walinipa vipande vitamu vya ngozi ya nyangumi kwa sababu yake yeye aliyelibeba kwanza. Mzee Gerth hunivulia kofia kwa sababu aliwahi kumposa Bolette akakataliwa, na kila Krismasi ananiuliza kama nimebadilisha mawazo. Nimepokea heshima zote hizo bila kufikiri kwamba pia nina kazi.

Basi na iwe rasmi. Nimevaa viatu vya ngozi vilivyokuwa vyangu zamani, baba alivitoa sandukuni. Nimekaa kwenye kiti changu kanisani, mlango umefungwa, wino unaganda, na dirisha liko hapa gotini kwangu. Mimi Bolette, dada yako mkubwa, nakuambia sasa: sema. Umekaa na neno langu muda mrefu na umelitunza vizuri. Limetosha. Wote ambao lingewaumiza, nadhani, wamekwisha kufika mahali ambapo hakuna mkubwa wa koloni wa kuwaadhibu.

Andika upesi. Meli inakuja mara barafu ikiachia.

Dada yako, yule yule,
Bolette

N.B. Paka anaweza kulishwa na Bibi Vestergaard. Sema sababu ya kweli.


Aalborg, 25 Machi 1986

Dada yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikavaa tai. Sijui kwa nini tai. Niliona haifai kukujibu bila tai.

Majira ya vuli ya 1937 nilianza kukohoa damu. Nilikuwa nimetoka chuo cha makatekista, na nilikuwa nikiongoza nyimbo kanisani. Daktari wa wilaya alipopita akatoa amri: wenye kifua kikuu wasiingie kanisani wala penye mkusanyiko. Alikuwa na haki. Watoto watatu walizikwa mwaka ule, na simlaumu. Lakini hapakuwa na hospitali ya kwenda hadi meli ya kiangazi, na katika nyumba ya chumba kimoja Jumapili ilikuwa ndefu. Wote walikwenda ibadani, mimi nikabaki nawasikia kwa mbali kama watu walio chini ya maji.

Bolette alivumilia Jumapili chache. Kisha siku moja, wanaume wakiwa wamekwenda kuwinda nyangumi weupe na wanawake wakiwa ufukweni wanawangoja, akachukua msumeno wa baba, akaingia kanisani peke yake, akakaa kwenye kiti chake, akapima kwa macho, akakata ukuta. Baba yetu alikuwa fundi na mtunza kanisa, mtu aliyeajiriwa na serikali ya koloni, na alikuwa fundi mzuri mno kuweza kukata kitu kilichopinda namna ile. Ndiyo maana nasema Bwana Vinding ana macho. Kweli ni kazi ya aibu. Dada hakuwa amewahi kushika msumeno.

Baba aliporudi alikwenda akasimama mbele ya tundu lile. Nilidhani atampiga. Akauchukua msumeno, akaupitishia kidole, akasema, "Umeniharibia meno ya msumeno wangu." Kisha akaenda nyumbani, akamshusha mfalme ukutani, ile picha ya mfalme iliyokuwa katika kila nyumba, akatoa kioo chake, akakitia kwenye lile tundu na fremu yenye bawaba za ngozi ya sili, ili lifunguke. Mfalme akarudi ukutani bila kioo.

Liko chini, anasema msanifu, aliyekaa hawezi kutazama nje. Halikukatwa kwa ajili ya aliyekaa. Jumapili walinilaza kwenye sleji ya kuvutwa na mbwa, nimefunikwa ngozi za paa hadi puani, wakanisukuma hadi ukutani kwa nje. Kichwa changu kilikuwa sawasawa na tundu. Nilisikia kila neno, niliona goti la dada yangu na kitabu chake cha nyimbo, na akiinama niliona uso wake. Kabla ya mahubiri alikuwa akifungua kidogo na kunong'ona, "Umelala?" Nami nilikuwa nikijibu, "Sijalala." Jumapili moja ya Februari sikujibu. Akatoka mbio katikati ya mahubiri, kanisa zima likimtazama, akijua atanikuta nimekufa. Nilikuwa nimesinzia. Akanipiga kichwani na kitabu cha nyimbo, akarudi ndani, na Mchungaji Heilmann akaendelea pale alipoishia.

Mkubwa wa koloni alipokuja kukagua, aliuliza dirisha lile limetoka wapi. Mali ya serikali ilikuwa imekatwa, na baba angefukuzwa kazi. Aliulizwa bibi mkongwe kuliko wote, akasema yeye kazaliwa akalikuta. Aliulizwa mchungaji, akasema yeye huhesabu watu, hajawahi kuhesabu madirisha. Baada ya hapo kila mtu akasema lilikuwepo tangu mwanzo, na nadhani wengine wao walianza kuamini.

Ndivyo ilivyo. Nimelisema, na sasa nyumba yangu imekuwa kimya kwa namna nyingine.

Na kuhusu kuja: pafu moja lilizimwa na madaktari hapa mwaka 1939, na lililobaki limechoka tangu Novemba. Wameniambia nisipande hata ndege ya kwenda Kopenhagen. Paka hana hatia. Sikutaka uandike barua ya huruma. Usiiandike.

Mdogo wako,
Eugenius


Naajarsuk, 24 Juni 1986

Mdogo wangu,

Umekataza barua ya huruma, kwa hiyo hii ni barua ya habari. Barafu imeondoka, nyonga ya baba imepoa, mbu wamefika.

Barua yako ilishuka kutoka helikopta asubuhi ambayo mafundi walikuwa tayari na mbao mkononi. Niliifungua pale pale nje ya kanisa, nikaisoma kwa sauti, kwanza kwa lugha yetu, halafu kwa Kidenmaki ili Vinding asikie. Wazee walikuja mmoja mmoja, wakasimama. Nilipofika kwenye kitabu cha nyimbo, mzee Gerth alicheka hadi akashika ukuta. Alikuwepo siku ile, alisema. Alidhani nimetoka kwenda kumtafuta yeye.

Vinding alisikiliza vizuri, lakini yeye ni mtu wa vipimo, akauliza kwa upole kama kuna kitu chochote cha kuthibitisha. Baba alishuka mlima na nyonga yake, tukamngoja, akarudi na mfalme chini ya kwapa. Mdogo wangu, tumemtazama mfalme yule maisha yetu yote, amekuwa wa kahawia kwa moshi wa jiko, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini yeye peke yake hana kioo. Baba akamweka juu ya dirisha. Alitosha pande zote, kwa upana na kwa urefu.

Vinding akavua miwani. Kisha akaomba sleji. Akajilaza juu yake pale nje, mtu mzima na koti lake zuri, akatuomba tuingie tuimbe. Tukaimba. Tulipotoka alikuwa bado amelala, akasema hataligusa, hata fremu hatainyoosha. Gerth akamwambia, "Nilikuambia. Lilikuwepo tangu mwanzo."

Kanisa limefunguliwa Jumapili, watu wamejaa hadi nje, kahawa nyumbani kwetu haikuisha hadi usiku usio na giza. Historia niliyoandika ilisomwa. Mafuta ya nyangumi yako juu kabisa.

Ndani ya bahasha kuna kanda ya kaseti. Redio walirekodi ibada ndani, wana mashine nzuri, na nitakuletea hiyo baadaye. Hii ni yangu. Nililaza kinasa sauti kwenye sleji, nje, kwenye usawa wa kichwa, nikakifunika ngozi ya paa kwa sababu ya upepo. Kwa hiyo nyimbo utazisikia kwa mbali kidogo, na mbwa utawasikia kwa karibu sana, wanavyoimba na kengele. Kuna mtoto analia, ni wa kwangu. Kuna mahali kabla ya mahubiri ambapo nimefungua dirisha. Sikiliza vizuri hapo.

Dada yako,
Bolette


Aalborg, 20 Julai 1986

Dada yangu,

Joto huku ni kali na mguu umetulia. Paka anakusalimu. Mpe Jens-Pele hongera kwa kumbeba mfalme mlimani, na umwambie Gerth aache kukuposa, una mume.

Mimi sina mashine ya kaseti. Bibi Vestergaard anayo, akaja nayo, nikamwomba anisaidie kusogeza kochi hadi ukutani. Nikajilaza. Akauliza kama nina baridi, katika mwezi wa Julai, kwa sababu nilikuwa nimejifunika hadi puani. Nikamwambia aache tu.

Mbwa nimewatambua. Najua si wale, lakini nimewatambua. Wimbo wa pili mnauburuta mno, sisi tuliuimba hivyo hivyo. Mtoto wako ana kifua kizuri.

Kisha bawaba ikalia, nikausikia upepo ukiingia ndani, na sauti yako ikauliza, karibu kabisa na sikio langu. Bibi Vestergaard haelewi lugha yetu. Aliniona tu nikijibu mashine, naye kwa mara ya kwanza hakuchungulia wala kuuliza. Alitoka akafunga mlango taratibu.

Kwenye kanda jibu langu halimo, kwa hiyo naliandika hapa, ulipate hata kama limechelewa na posta.

Sijalala, dada.

Eugenius